Kofia ya Faraj na Raba za Bi Mwanakuu

Mimi ni wifi yake Mwanakuu, na wifi ana ruhusa ya kusema. Basi nasema: katika Mji wa Kale wote huu, kuanzia Kuze mpaka Ngome ya Yesu, hakuna mwanamke mwenye mkono wa kofia kama wake, wala mwenye kichwa kigumu kama chake. Marehemu kakangu alimuoa na vyote viwili, na hakulalamika.

Kofia zake ni za mkono. Maua huchorwa kwenye kitambaa cheupe, kisha kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, mamia ya vitundu, mtu ameinama miezi. Alimshonea kakangu ya harusi. Akawashonea wanawe wawili wakubwa, kila mmoja na yake ya siku ya nikaha. Akabaki Faraj, kitinda mimba. Siku ya harusi ilipowekwa, kofia ya Faraj ilikuwa imebaki robo tu, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Kwanza nilimuona yuwashona dirishani badala ya kitini pake. Kisha mlangoni. Kisha siku moja nikamkuta barazani, kwenye jua kali, yuwalitafuta tundu la sindano hapati, na kidole chamtoka damu.

"Wifi, una nini?"

"Sina kitu. Uzi huu mbaya."

Uzi mbaya! Uzi ni ule ule wa miaka thelathini, duka ni lile lile.

Nilimvuta mpaka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, akasema daktari, upasuaji mdogo tu na ataona vizuri. Tukafurahi, nikaanza hata kumtania. Kisha wakampima presha. Wakapima tena. Mia moja na tisini kwa mia moja na kumi.

"Mama, kwa presha hii sikugusi," alisema daktari. "Ishuke kwanza, kisha uje."

Ndipo balaa likaanza. Alikuwa akiogopa macho, sasa akawa aogopa na presha, na kila alivyoogopa ndivyo ilivyopanda. Usingizi ukamruka. Kichwa chamgonga, chakula hakipiti. Harusi imebaki miezi minne, na kofia i ndani ya mkoba, hata kuifungua hataki. Tena asijue mtu!

"Usimwambie Faraj, ataiahirisha harusi," alinambia. "Na mtaani usinitangaze. Sitaki kuhurumiwa."

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani amwambie Mwanakuu? Nilinyamaza, nikampeleka zahanati kwa Sista Sidi. Sidi ni msichana wa Kigiriama, mpole wa maneno lakini hapindishi. Alimketisha, akamshika mkono.

"Mama, vidonge nitakupa, na umeze kila siku bila kukosa. Lakini na wasiwasi pia unaumeza kila siku. Mtu akiwa na hofu, moyo unakwenda mbio kama anayefukuzwa, mishipa inakaza, usingizi unapotea. Kufukuzwa siku moja si kitu. Wewe umefukuzwa miezi. Sasa kila asubuhi utatembea nusu saa, hatua za haraka, mpaka utoke jasho. Utaona mwili utakavyotulia."

"Nusu saa tu, mwanangu?"

"Nusu saa tu. Lakini kila siku."

Faraj akamnunulia mamake raba nyeupe, akidhani ataka kupunguza mwili. Na Mwanakuu akatembea, sisemi uongo. Kila siku aliondoka nyumbani kwake Kuze, akashika njia mpaka Ngomeni, akarudi. Baada ya wiki tatu tukarudi kwa Sidi kwa furaha tele. Presha, mia moja na themanini na nane. Uzito, kilo mbili juu!

Sidi akakitazama kipimo, akamtazama mgonjwa. "Mama, unatembea kweli?"

"Wallahi natembea! Natoka saa moja, narudi saa nne."

Saa tatu nzima! Kuze na Ngomeni, kwenda na kurudi, hata nusu saa haifiki kwa mtu mwenye haraka. Nikasema kesho naondoka naye.

Kesho yake hata hatujapiga hatua ishirini, Bi Fairuz yuko mlangoni. "Sabalkheri Bi Mwanakuu! Karibu." "Starehe, napita." "Aka! Wapita vipi? Ingia walau unywe maji." Maji yakawa chai ya maziwa na mahamri, na juu yake habari zote za mkaza mwana wa Fairuz asiyempikia mumewe. Tukatoka. Mzee Gharib, muuza kahawa, akatuita, tukasimama kusikiliza goti lake. Mlango wa tatu, kaimati. Wa nne, viazi vya karai na kesi ya mirathi. Tulipofika Ngomeni nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni, na Mwanakuu amebeba matatizo ya mtaa mzima juu ya yake mwenyewe.

"Kefule!" nilimwambia. "Huku ndiko kutembea? Wewe wazuru!"

"Sasa nifanyeje? Nipite milangoni kwa watu nisiingie, waseme nimewanunia?"

Na kweli, kwetu hapitwi mtu hivi hivi. Ukimpita mtu bila kumjulia hali, umemtangazia ugomvi. Nikafikiri, nikapata akili, na akili yangu hiyo ndiyo iliyotia moto nyumba. Nilimwambia: vaa nikabu. Kwa kuwa yeye havai siku zote, nani atamjua? Apite mbio, kichwa chini, asiseme na mtu.

Akapita. Lo! Mwanamke ambaye mtaa umemjua miaka hamsini, kwa mwendo wake ule wa kuyumba kidogo kushoto, tena na raba nyeupe mguuni! Walimjua kabla hajamaliza nyumba ya pili. "Bi Mwanakuu! Bi Mwanakuu!" Kimya. Kufikia adhuhuri mji wote ulishajua kwamba Mwanakuu amekasirika, ila hakuna ajuaye kwa nini, na kila mmoja akajiona ndiye mkosaji.

Alasiri mlango ukabishwa. Fairuz, na sahani ya sambusa. Nyuma yake Truphosa, mwalimu wa chekechea anayepanga ghorofa ya juu kwa Fairuz, na ndizi mkononi. Hata Mzee Gharib alileta birika la kahawa, akasimama mlangoni kwa adabu.

"Bi Mwanakuu," Fairuz alianza, machozi yamlenga, "ikiwa ni yale maneno ya bakuli lako nililolikawiza, nisamehe."

Nilitaka kucheka. Lakini wifi yangu akaenda kuuchukua mkoba wake. Akakaa chini. Akaufungua mkoba, akaitoa kofia, akaiweka mapajani, na mambo yakamtoka yote.

"Sijakasirika na mtu. Sioni. Faraj aoa, na kofia yake siwezi kuimaliza. Wenziwe wote niliwashonea. Naogopa. Naogopa mpaka moyo wataka kunipasuka."

Tuliingia kulia sote kama tuliofiwa, na Mwanakuu akalia kutushinda sote. Kisha Truphosa akajipangusa uso, akamuuliza kitu cha maana: "Sasa dawa ni nini?" Nikawaambia. Fairuz akaruka.

"Ni hilo tu? Na sisi twakushibisha mahamri! Wallahi hata mimi presha ninayo, na hizo raba ninazo chini ya kitanda."

Asubuhi iliyofuata tulipofika kwa Fairuz hakusema karibu. Alikuwa nje, buibui na raba, akasema, "Twendeni." Truphosa akashuka na nguo za mazoezi na filimbi ya shule. Kila mlango uliotualika, tulijibu bila kusimama, "Karibu wewe! Toka nje!" Na walitoka. Wiki ya pili tulikuwa kumi na mmoja, njia ya Kuze haitutoshi, tukawa twafika mpaka Feri. Habari za mkaza mwana zilisemwa, ndiyo, lakini mtu akipanda kilima huku ahema hawezi kusengenya sana. Mzee Gharib alitupigia kelele, "Maandamano ya nini haya?" Mwanakuu akamjibu, "Twamtafutia mke wa pili babu yako!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu presha iingie nyumbani.

Faraj alipojua, hakuahirisha kitu. Alimkumbatia mamake, akawa ndiye amkumbushaye vidonge. Na usingizi ukarudi. Wiki ya sita Sidi alipima mara mbili kwa kutoamini. Mia moja na thelathini na sita kwa themanini na mbili.

Daktari wa macho akakubali kumpasua, na siku ya kufunguliwa jicho nilikuwa mimi mbele yake. Akapepesa, akanitazama sana.

"Wifi," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

Nilimbusu kwa tusi hilo.

Akapumzika kama alivyoamriwa, kisha akarudi kitini pake. Aligundua ua moja alilolishona akiwa haoni, limekwenda upande. Alitaka kulifumua, Faraj akamzuia mkono. "Hili liache, mama."

Siku ya nikaha, alasiri, wanaume walipokuja kumchukua bwana harusi kumpeleka msikitini, Mwanakuu alimvisha kofia mwanawe kwa mikono yake, kisha akabaki na sisi wanawake kizingitini. Msafara ukaondoka na dufu. Miezi michache nyuma asingemuona mtu akivuka baraza. Sasa alisimama, kanishika bega, macho yamfuata.

"Namuona," alisema. "Amefika kwa Gharib, namuona. Wifi, naliona na lile ua la upande. Akata kona, na bado namuona."

Nililia, sikujali wanja. Yeye hakulia. Alingoja mpaka dufu likapotea, akanifinya mkono.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," akasema, "na usinichelewe kwa kisingizio cha harusi."