Mkanda Uliojaribiwa kwa Kikombe cha Kahawa

Saa moja asubuhi, Ushongo, wilayani Pangani. Abdulwakil Sadalla amesimama chini ya mti wa mkungu. Anagusa pete ya chuma iliyo mbele ya mkanda wake wa kupandia miti, kisha anamtazama mkewe. Bado hajaruhusiwa kupanda.

Rahila amepiga goti mchangani. Anavuta ukanda wa paja la kulia, halafu wa kushoto, anapenyeza vidole viwili kuona kama umebana mno. "Geuka," anasema. Mume anageuka. "Haya, baba Sabiha. Bismillahi."

Mkungu wenyewe umeliinamia paa la nyumba ya wageni, na matawi matatu lazima yaondoke. Si kazi kubwa. Lakini ni mti wa kwanza anaoupanda Abdulwakil tangu siku ile aliponing'inia kwenye mkwaju kule Mwera, mkewe yuko chini akipiga mayowe.

"Usiniulize kitu sasa hivi, mwanangu," Rahila ananiambia, macho juu. "Moyo hauko mahali pake."

Abdulwakil, mwenye umri wa miaka 46, ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Alikulia juu ya mikarafuu. Huko, anasema, kamba ilikuwa ya kuvutia tawi la mbali, si ya kujifungia mtu. "Ukijifunga watu wanakucheka. Ati, wewe mbuzi?"

Alipohamia Mwera, huku huku Pangani, akamwoa Rahila, akaanza kukata matawi yanayotishia nyumba za watu. Mti mmoja humpatia kati ya shilingi elfu thelathini na laki moja, kutegemea ukubwa wake na, kama asemavyo mwenyewe, sura ya mwenye nyumba.

Rahila ndiye mwenzake wa chini: hushika kamba ya kuteremshia matawi yasije yakatoboa mabati. Ndiye pia aliyemshurutisha ajifunge, baada ya ugomvi wa wiki nzima. Bwana akanunua kamba ya buluu ya kufungia mashua, akaizungusha kiunoni, akaona ubishi umekwisha.

Siku ya mkwaju, tawi alilolikanyaga lilikatika. Kamba ikamdaka. Ila ilimdaka kiunoni, ikapanda mbavuni, ikamkaba pumzi. Hakuweza kujinyanyua wala kuita. Bahati yake, Tadeo, mgema aliyekuwa kwenye mnazi wa jirani, alishuka mbio, akaupanda mkwaju na kumrudisha kwenye tawi.

"Kamba ilimwokoa, halafu kamba hiyo hiyo ikataka kumuua," anasema Rahila. "Watu husema mpanda ngazi hushuka. Sawa, nakubali. Anashukaje?"

Akapiga marufuku. Hakuna kupanda mpaka upatikane mkanda wa kushika mapaja. Abdulwakil akaenda kuuza machungwa Muheza, kazi anayosema ilimchosha kwa kukaa.

Walipokwenda Tanga mjini kununua mkanda, Rahila alibeba chupa ya kahawa na kashata. Mama Praxeda, mwenye duka la vifaa vya mafundi, alidhani ameletewa kifungua kinywa. Kumbe kilikuwa kipimo.

"Nguo hujaribiwa," Rahila alimwambia. "Huyu ataning'inia kwenye boriti yako hapo, anywe kikombe kizima. Akilalamika kabla hajamaliza, si wake huo."

Mkanda wa kwanza, wa mafundi wa maghorofa, ulikuwa na pete mgongoni. Abdulwakil akaning'inia kifudifudi, kahawa yote ikaishia sakafuni. Praxeda alicheka hadi akashikilia meza. Wa pili ulikuwa mtumba, rahisi na mzuri kwa macho. Rahila hakukubali hata utundikwe. "Sijui umeshamdaka nani," alisema.

Wa tatu ulikuwa na pete mbele na kanda pana za mapaja. Abdulwakil alikaa hewani kama yuko barazani, akanywa, akaomba kashata nyingine. Basi ukawa huo. Kamba nayo Rahila akaichagua: si ile ya buluu inayoteleza kwenye fundo, bali nyeupe ya kusukwa, inayojaa kiganjani na kunyumbuka kidogo ikivutwa.

Sasa kamba hiyo imefungwa kwenye panda nene iliyo juu ya kichwa cha Abdulwakil. Tawi la mwisho linateremka taratibu mikononi mwa Rahila. Ghafla mguu wa mumewe unateleza kwenye gome, naye anabembea hewani.

Rahila anaganda. Hata mimi kalamu imenianguka.

"Mama Sabiha!" inashuka sauti. "Kahawa imebaki?"

Rahila anacheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwanamume huyu ataniua, wallahi."

Abdulwakil akishafika chini, namuuliza ana mpango gani. Anataka msumeno wa mashine. Rahila anatikisa kichwa. Kwanza, anasema, mkanda mwingine.

"Wa nani?" nauliza.

"Wangu. Tadeo hatakuwa kwenye mnazi wa jirani kila siku."

Abdulwakil anaangua kicheko. "Huyu? Anaogopa hata stuli!"

"Naogopa, kweli," anasema Rahila. Ananionyesha suruali aliyoivaa chini ya dera tangu alfajiri. "Lakini siku ile ya mkwaju nilikuwa chini, na sijawahi kuogopa vile."

Kicheko kinakatika. Abdulwakil anafungua mkanda wake polepole, anapiga goti mchangani mbele ya mkewe, anamvisha juu ya suruali, anaukaza ukanda wa paja la kulia, halafu wa kushoto, anapenyeza vidole viwili.

"Geuka," anasema.

Rahila anageuka.