Kwenda Kikima Kukagua Macho ya Musyoka

Daktari wa macho wa Nairobi alitaka jibu kabla ya Krismasi: nichongwe macho kwa leza nitupe miwani, au nibaki nayo. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mtu pekee niliyemjua aliyekwisha kuchongwa ni binamu yangu Musyoka, aliyefanyiwa ng'ambo. Nikaona heri nimkague kwanza, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Nilitoka Kanyangi alfajiri. Mto Athi, ambao utotoni tuliuvuka nguo zikiwa kichwani, niliuvuka darajani kama bwana, miwani imejaa vumbi.

Nilipokaribia kwake Kikima, Musyoka aliniona toka upande wa pili wa bonde. "Wewe kipofu! Umefunga vifungo vya shati vibaya!" Ilikuwa kweli. Wivu ulinikaba.

Siku hiyo majirani wa mwethya, wanaosaidiana kazi kwa zamu, walikuwa wakimchimbia mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Yeye alipima mstari kwa kamba na pimamaji. Akina mama walikuwa wameegemea majembe, wanacheka.

"Mzee wa leza," mmoja akaita, "mtaro wa wiki jana ulipeleka mvua yote kwa jirani!"

"Ona, shemeji," mkewe Kalekye akaniambia. "Vilima vya Kilungu anaviona. Kipovu cha pimamaji, hapa chini ya pua, hakioni. Nikimpa miwani ya kusomea anakataa, ati yeye na miwani walishaachana."

"Ni umri, si leza!" Musyoka alinguruma.

Nikavua miwani yangu, nikainama. Kipovu kilikuwa wazi kama kiini cha yai. Nikasogeza kamba, majembe yakaanza.

Jioni, kwenye chai, alikiri mengine: macho humkauka, na usiku taa za magari huvaa pete za mwanga.

"Ungerudia?"

"Hata kesho! Naamka namwona mke wangu bila kupapasa meza."

"Alipokuwa haoni alinisifu zaidi," Kalekye akasema.

Kurudi nilizungukia Sultan Hamud, penye kibanda cha simu. Nilikuwa nimejifunza kwamba leza hukupa kuona mbali, lakini kwa umri wangu ingeninyang'anya kuona karibu nilikojaliwa bure. Nikampigia daktari, nikakataa.

"Unaogopa?" akauliza.

"Sana, daktari. Tena Jumanne natakiwa Kikima. Kuna mtaro mwingine."