Karatasi ya Shimo la Saba

Anayekuambia kwamba gofu ni mchezo wa watu watulivu hajawahi kupita chini ya kichuguu chetu na beseni la mihogo kichwani. Mimi nilipita pale karibu kila siku nikiwa na miaka kumi na tatu, na hadi leo nikisikia kitu kinavuma hewani nainamisha shingo. Watoto wangu wananicheka. Wacheke tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa pembeni mwa mji wetu wa migodi, Likasi, upande wa kwenda Kakontwe. Zamani wachezaji walikuwa wengi. Miaka ya tisini mambo yalipoharibika, viwanda vikanyamaza kimoja kimoja, wenye uwezo wakafunga masanduku, wakabaki wachezaji wanane au tisa: daktari mmoja, wafanyabiashara, na katibu wa klabu, bwana mwembamba aliyevaa soksi ndefu hata jua likiwaka. Baba yangu ndiye aliyetunza majani. Klabu haikuwa tena na cha kumlipa, basi wakapatana hivi: yeye aendelee kukata, naye pamoja na majirani walime kandokando, mahali mipira haifiki. Tukapanda mahindi, maharagwe na mihogo. Mtaa wetu mzima ulikula kutoka kule. Nyumbani tulikuwa watoto wanne, na kwa sababu wawili wa mwisho walikuwa mapacha, watu wote waliwaita wazazi wangu Baba Mapasa na Mama Mapasa.

Hayo maneno, mahali mipira haifiki, yalisemwa na watu ambao hawajamwona daktari akicheza.

Shida ilikuwa shimo la saba. Wachezaji walisimama juu ya kichuguu kikubwa kilichosawazishwa kileleni, wakapiga mpira upite juu ya njia yetu ya mashambani, hadi ng'ambo, kwenye kiwanja kidogo cha majani mafupi kilichozunguka shimo. Kiwanja hicho wao walikiita grini. Baba alikipenda kuliko vyote. Alikuwa akipiga magoti na kukikata kwa mkasi, akichomoa kila jani geni kwa vidole, akikipa maji hata wakati wa kiangazi ambapo sisi tuliambiwa tuoge nusu ndoo. Mama alikiita mke mwenza wake. Baba akichelewa kula, mama alituambia tusimsubiri, yuko kwa bibi mdogo.

Basi asubuhi moja jirani yetu, mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anarudi na kuni. Daktari alipiga. Mpira ukamkuta mama wa watu begani, kwenye mtulinga, upande wa kuume. Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Alikaa chini taratibu, kuni zikimwagika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameumia. Daktari alishuka mbio, amekuwa mweupe midomo, na aliyempiga ndiye aliyemfunga mkono kwa kitambaa. Sitasahau jinsi alivyokuwa anaomba msamaha huku akikaza fundo.

Klabu ilifanya mkutano. Hawakuwa watu wabaya, nisiwasingizie. Waliogopa tu. Waliogopa kwamba akipigwa mwingine, tena kichwani, watashtakiwa, na nyakati zile hujui shauri litaishia kwa nani. Katibu akapiga karatasi kwa mashine, kwa Kifaransa, lugha ya ofisi za kwetu. Kila mwanamke anayepita pale atie dole gumba. Asiyetia, shamba lake litafyekwa. Na wa kuzungusha karatasi ni baba, mpaka Jumapili. Akishindwa, klabu itatafuta mtunza majani mwingine, na huyo atakuja na majirani zake.

Baba alianza na yule mjane, kwa heshima, maana ndiye aliyeumia. Nilimsindikiza nikiwa nimebeba kibweta cha wino. Mjane alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kuume umefungwa kifuani. Baba alimweleza kwamba ni karatasi ya njia, ili klabu ijue nani na nani wanapita. Hakusema uongo, lakini ukweli wote pia hakuusema. Mjane aliichukua karatasi kwa mkono wa kushoto, akaitazama kidogo, akasema, kama ni Baba Mapasa anayeileta, basi ni vizuri. Akatia dole la kushoto. Baada yake kazi ikawa nyepesi. Wanawake wengine walipoona dole la aliyepigwa liko pale juu, nani angekataa?

Jioni ile baba aliiweka karatasi mezani, akaenda kunawa. Mama, aliyeishia mwaka wa pili wa shule, aliniambia nimsomee kwa Kiswahili. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, polepole. Karatasi ilisema kwamba mimi mwenye dole hili napita kwa hiari yangu, na mpira ukinipiga, hata ukiniua, mimi na watu wangu hatutamdai mtu jibu lolote.

Baba aliporudi, mama alikuwa amekwisha kupakua bukari, ugali wetu. Alimwacha ale. Huo ndio ulikuwa ukali wa mama: alikuacha ushibe kwanza. Kisha baba akasukuma kibweta cha wino kuelekea kwake, akijaribu kutabasamu, akasema limebaki dole moja tu.

Mama hakukigusa.

“Kama ni muntu mwingine alileta hii karatasi, ningetia vidole yote kumi,” alisema. “Lakini ni weye. Mupira ikiniua, weye njo utakuwa wa kwanza kusema hapana muntu wa kujibu?”

Baba alianza kueleza habari ya shamba, na ya mapacha, na ya mtunza majani mwingine. Mama hakupandisha sauti wala hakulia. Alikusanya sahani tu, na mimi nilikuwa na hasira na baba kiasi kwamba niliona aibu kumtazama. Nilimpenda sana yule mtu. Ndiyo maana.

Asubuhi hakwenda na mkasi wala upanga wa majani. Alichukua jembe. Nilipopita na beseni nilimkuta katikati ya grini yake, anaikata vipande vipande vya mraba, kila kipande na udongo wake, anavipanga kwenye mkokoteni. Nilidhani amerukwa na akili. Alikuwa analihamisha shimo la saba. Alilipeleka upande wa pili wa kichuguu, kwenye bonde lisilo na njia wala shamba, ili wachezaji wapige wakiwa wameipa mgongo njia yetu.

Alifanya kazi ile siku tatu, peke yake. Siku ya kwanza mama alilima maharagwe yake bila kuinua kichwa. Siku ya pili aliinua kichwa mara nyingi. Majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano pembeni, kwa sababu jua la mwezi ule halina huruma, na baba alikuwa anateka maji kwa ndoo moja iliyotoboka. Mchana mama alitua jembe, akachukua beseni, akaenda kisimani. Alimwaga maji kwenye majani yale, akarudi kuteka mengine. Nami nikachukua ndoo yangu. Mjane, mkono wake bado kifuani, aliketi penye kivuli cha mahindi akiwashika mapacha wasituzonge.

Jumapili katibu alipanda kichuguu na soksi zake, akatafuta shimo la saba asilione. Baba alimwonyesha. Katibu aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Baba akajibu kwamba hakuna, na kwamba jembe liko pale kama mtu anataka kulirudisha shimo lilikotoka. Katibu alitazama lile jembe, kisha akadai karatasi. Baba akasema karatasi haitoi.

“Basi siku muntu anapigwa, weye utajibu,” katibu alisema.

“Ni sawa. Minye nitajibu.”

Daktari ndiye aliyekata shauri. Aliweka mpira wake chini, akageukia bondeni, akapiga. Ulipotea kwenye vichaka, kama kawaida yake. Wakaendelea na mchezo. Mama alikuwa anapita njiani nyuma yao na maharagwe yake, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mimi nilifikiri mambo yamekwisha. Lakini baba alikula mchana ule bila ladha. Alipomaliza alichukua karatasi, akaniambia tutoke. Mama alinipa bakuli la maharagwe nibebe, maana huendi kwa mtu mikono mitupu kuomba msamaha.

Mjane alitupa viti. Baba alikaa, akavua kofia, akaanza kusema kwamba alimdanganya, kwamba ile haikuwa karatasi ya njia, na sasa atamsomea yote yaliyomo, neno kwa neno, kisha aichane mbele yake. Akafungua karatasi. Mikono yake bado ilikuwa na udongo kwenye kucha. Alianza kusoma Kifaransa kile kwa shida, anatafsiri kila mstari, anarudi nyuma, anaanza tena. Alipofika kwenye neno la kuua, alirudi mwanzo wa mstari mara tatu.

Mjane alinyoosha mkono wake mzima, akaichukua karatasi kwake taratibu, akamalizia mstari uliobaki kwa Kifaransa laini, kile cha shule ya masista, bila kukwama popote.

“Nilisoma, Baba Mapasa. Ile siku nilisoma yote. Mukono ya kuandika njo ilikuwa inauma, njo maana nilitia kidole.”

Baba alimtazama. Akamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwa nini basi alikubali.

“Ningekataa minye mwenye kuumia, bote bangekataa,” alisema. “Halafu bangekufukuza. Batoto ya mapasa bangekula nini?”

Akaikunja karatasi mara mbili, akamrudishia. Kisha akaniambia nikamletee sahani, maharagwe yasipoe.