Saa ya Chakula Pale Peyrolade

Odile Vidal hajui kunyamaza. Tangu astaafu posta, kila Juni anaongoza msafara wa baiskeli kando ya mfereji, watu kumi na wawili, siku nne, na siku nne zikiisha atakuwa amejua nani hasemezani na mkwewe na nani amekimbia harusi ya mpwa wake. Wenzake wa klabu wanamwita Bi Kwanini. Wala hajali. "Hutaki kuulizwa, baki kwako," ndivyo anavyowajibu.

Ila swali lake hasa huwauliza wazee tu, tena wale waliokulia kwenye matishari yaliyokuwa yakibeba divai zamani. Je, waliwahi kusikia habari za mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi kwenye lango la maji la Peyrolade, mwaka sitini na tatu? Alipona? Na mtoto je? Miaka tisa anauliza. Kila mtu anatikisa kichwa, naye anapanda baiskeli kama mtu aliyeuliza njia akakosa.

Mwaka huu alikuja mzee mmoja wa mji wa Sète, Régis Fabrègue, mrefu, na baiskeli ya zamani iliyopakwa rangi kwa brashi. Siku ya kwanza Odile alimuuliza maswali saba. Akapata "ndiyo" tatu na "hapana" nne.

"Yule ni ukuta," alimlalamikia shoga yake Josiane, anayefunga msafara.

"Afadhali. Leo umepata wa kukunyamazisha, masikio yetu yapumzike."

Siku ya pili, saa sita na nusu mchana, Odile akafunga breki. Hilo klabu nzima wamelizoea. Yeye ni mtoto wa mlinzi wa lango, yule anayefungulia matishari yapite, na kwa walinzi wa lango saa sita na nusu kijiko kinaingia kwenye supu, na lango haliguswi mpaka saa saba na nusu, hata aje askofu na tishari lake. Odile ana miaka sitini na tisa na bado saa hiyo ikifika miguu inagoma yenyewe. Wageni hunung'unika, wenyeji hutoa mkate.

Lakini siku hiyo kuna aliyemtangulia. Régis alikuwa ameshashuka, baiskeli ameiegemeza kwenye mti, kisu mkononi, anakata soseji. Saa ya mkononi hana, na kengele ya kanisa hapo haisikiki. Odile akasimama anamtazama.

"Jamani, si tusogee?" Josiane akasema. "Peyrolade ni kilomita mbili tu. Pale kuna bomba na kivuli cha maana."

"Langoni sifiki saa ya chakula," Régis akajibu. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu waondoke. "Kwetu hatufiki."

"Kwenu wapi?" Odile akauliza.

"Kwenye tishari, mama."

Odile akakaa kwenye nyasi pale pale alipokuwa, hata hakutandika kitu. Akamuuliza kwa nini hawafiki. Na yule ukuta, sijui ni soseji, sijui ni hayo maji, akafunguka.

"Mama yangu alikataza. Baba alikuwa anafunga kamba kabla ya lango lolote, tunakula, tunangoja saa saba na nusu ndipo tunasogea. Ni kwa sababu ya mlinzi wa pale mbele. Mama alikuwa na uchungu, baba akamtuma binti wa mlinzi akaseme, na binti akarudi na jibu kwamba tungoje, baba yake anakula. Dada yangu Maryse akazaliwa katikati ya mapipa. Baba alimpokea kwa mikono yenye lami."

"Akaishi?" Sauti ya Odile ilikuwa nyembamba.

"Maryse? Ana wajukuu watano na mdomo hauzimi. Na mama aliishi mpaka themanini na nane." Akafuta kisu kwenye suruali. "Ila kwetu mtu akiwa na roho ngumu hatumwiti katili. Tunamwita Cazalbou. Ndilo lilikuwa jina la yule mlinzi. Hata watoto wadogo wakinyimana peremende wanaambiana, 'Cazalbou wewe.' Hawajui kwamba alikuwa mtu."

Furaha ya Odile ilidumu muda wa kumeza mate. Miaka sitini na moja ameomba kusikia kwamba yule mtoto yu hai, na sasa amesikia, na pamoja nayo amesikia baba yake amegeuzwa tusi la watoto. Baba yake, aliyekuwa akigawa vitunguu vya bustani yake kwa kila tishari, aliyewavusha watoto wa watu juu ya lango mabegani. Alikufa akishangaa kwa nini yule nahodha wa Sète, baba yake Régis, alipita siku ile bila salamu na hakurudi tena.

Hapo angeweza kunyamaza. Klabu wanamjua kwa jina la mumewe, na kati ya waliokuwa ndani ya nyumba ya mlinzi siku ile amebaki yeye tu. Mimi ningenyamaza, nasema kweli. Lakini ilimuuma vibaya, ikamuuma kwa ajili ya baba yake.

"Cazalbou ni baba yangu," akasema. "Na hakukataa. Baba yako aliniambia niseme mkewe ana uchungu. Nikaingia ndani, baba yangu akaniuliza, wana haraka? Nikasema hapana, watangoja. Nikarudi nje nikawaambia baba anasema mngoje. Nilikuwa na miaka minane. Mlinzi hakujua chochote. Mpaka anazikwa hakujua."

Régis akageukia maji. Akafunga kisu, akatoa simu, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama watu wa umri wetu tunavyobonyeza.

"Maryse. Nipo njiani, karibu na Peyrolade. Nimekaa na Cazalbou." Akasikiliza. "Hapana, si mchoyo yeyote. Cazalbou mwenyewe, damu yake. Ana neno la kukuambia."

Akamnyooshea Odile simu. "Mimi nilikuwa nimeshika kamba tu. Aliyezaliwa ni huyu. Mwambie mwenyewe."

Odile akaipokea kwa mikono miwili na akaeleza yote tena, mara hii polepole, bila kuruka supu wala jibu alilolibuni. Upande wa pili kulikuwa na kelele za sahani, kisha zikakoma.

"Kwa nini?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Maisha yake yote Odile ameuliza wengine swali hilo.

"Kulikuwa na mvulana kwenye tishari lenu," akasema, macho kwa Régis. "Alikuwa na pia nyekundu ya kuchezea, ile ya kuzungusha. Pale langoni sikuwa na mtoto wa kucheza naye, na matishari yalipita upesi. Nilitaka mkae saa nzima."

Maryse akauliza, "Na mlicheza?"

"Hapana. Alishika kamba muda wote."

"Nipe kaka yangu," Maryse akasema. Régis akaweka simu sikioni, na Odile aliyekaa karibu alisikia kila neno. "Régis, kuanzia leo wakataze watoto kuitana Cazalbou. Lile ni jina la mtu."