Maziwa Aliyoyakataa Mgeni

Siku ile sikuwa nimekunywa kitu, na naomba hilo lijulikane kabla ya mengine. Najua mtu aliyesoma chuo kikuu akianza kusimulia habari za wafu, watu wema humtazama kwa huruma na wasio wema humwomba aendelee. Mtanitazama mtakavyo. Nasema nililoliona hapa Kaniha, barazani kwangu, alasiri, mvua ikinyesha. Tena sikuliona peke yangu.

Chanzo ni mbwa. Tulipewa na Mama Deo, mjane wa Nyamigogo tuliyefahamiana naye kanisani. Mumewe alikuwa amefariki, na kulisha watoto pamoja na mbwa kukamshinda. Nilimpokea yule mbwa bila kuuliza chochote, hata jina. Jina nilikwenda nalo tayari kichwani: Hoja. Mke wangu, Mama Grace, alisema jina hilo lingemfaa mbwa anayebweka. Huyu, mwekundu wa udongo, mpole, hakubweka hata siku moja.

Hakukaa sana akaanza kutapika, kisha kuhara. Anapata nafuu, anarudi kula kwa hamu, mambo yanaanza upya. Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini Biharamulo akampa dawa ya minyoo. Minyoo ikatoka, kuhara kukabaki. Safari ya pili akasema huenda ni aleji ya chakula: tuondoe kitu kimoja kimoja, halafu tumrudishie kila kimoja peke yake, tuone kipi kinamdhuru.

Kazi hiyo niliipenda, nakiri. Tuliondoa dagaa, tukaondoa ugali wa mahindi, tukaondoa maharage, tukaondoa maziwa. Wakati wa majaribio mbwa alipona. Tulipomrudishia maharage peke yake, hakudhurika. Maziwa peke yake, hakudhurika. Nikawa kama hakimu aliyewaachia huru washitakiwa wote huku maiti ikiwa bado sakafuni, maana tuliporudi kwenye makombo yetu ya kawaida, Hoja alianza kuhara tena.

"Baba Grace," mke wangu aliniambia, "magunia anayolalia nimeyafua mpaka yamekonda. Mbwa amekonda. Mimi nimekonda. Katika utafiti huu anayenenepa ni wewe tu."

Daktari hakutania. Alimshika mbwa mbavu, akasema akiharisha namna ile mara moja tena, hatapona. Tumwite aje ampumzishe kwa sindano, tusimtese. Tukakubaliana hivyo.

Ijumaa moja mvua kubwa ikanyesha. Nilikuwa barazani nimeshika bakuli la Hoja: maharage yaliyobaki mchana, yamelainishwa kwa maziwa kama tulivyozoea. Nimeliweka chini tu, mtu akaingia kutoka mvuani. Mwanamume wa rika langu, koti zito, mabuti ya mvua, moja limezibwa kiraka cha tyubu ya baiskeli.

"Mwiriwe," alisalimu, kama wasalimiavyo wenzetu wenye asili ya Burundi.

"Karibu, ndugu yangu. Jikinge mvua."

Hakuniangalia. Alimwangalia mbwa. "Bihogo," aliita.

Mbwa aliyekuwa hana nguvu hata za kufukuza nzi aliinuka, akaenda akalaza kidevu juu ya lile buti lenye kiraka.

"Amekwisha huyu," mgeni alisema. "Mnamlisha nini, vitabu?"

Nikamweleza habari za aleji, kwa ufasaha mkubwa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mama Grace akatoka na kikombe cha maziwa ya moto, akampa kwa mikono miwili.

"Asante, mama, ila leo sitayaweza. Mchana nimekula maharage."

"Kwani yatapigana?" mke wangu akacheka.

"Kwetu hayakutani tumboni siku moja. Wazee husema ukivichanganya, ng'ombe ataumwa chuchu. Mimi za ng'ombe sizijui, ninaloumwa ni tumbo." Akalisukuma bakuli pembeni kwa ncha ya buti. "Na huyu kakulia kwangu tangu hajafumbua macho. Tukila hiki, anakula hiki. Hajawahi kupewa vyote viwili."

Mniamini, neno "kwangu" lilipita masikioni mwangu bila kubisha hodi. Nilikuwa nawaza majaribio yangu: mbona sikujaribu vitu viwili kwa pamoja?

Mvua ilipopungua, akaaga. Mbwa alimsindikiza mpaka kwenye uzio, akasimama, akabweka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

Mama Grace alikuja na tambara kufuta tope, huku akinung'unika kuhusu wageni na mabuti yao. Akainama. Akainuka taratibu.

"Baba Grace, mgeni wako kapita wapi?"

Sakafu ilikuwa kavu. Nje njia yote ilikuwa tope jekundu la kufika vifundoni, na kwenye saruji hapakuwa na hata tone.

Tangu hapo tukatenga maharage na maziwa. Hoja alipona, akanenepa. Nikaenda Nyamigogo kumshukuru Mama Deo, nikidhani aliyetutembelea ni shemeji yake. Nilimkuta uani, ungo mapajani. Nikamsimulia jina Bihogo, koti, kiraka cha tyubu. Mikono yake ikasimama.

"Bihogo ndilo jina lake. Kwetu tunawaita hivyo ng'ombe wa rangi ile, mume wangu akampa mbwa," alisema. "Hicho kiraka nilimshikia mimi akikigundisha. Alikuja lini?"

"Ijumaa ile ya mvua kubwa."

"Siku hiyo tulifanya kumbukumbu yake. Mama mkwe akashikilia atengewe sahani yake mchana, ingawa katekista hapendi mambo hayo."

Sikutaka kuuliza, nikauliza. "Mlipika nini?"

Mama Deo akautazama ungo wake. "Maharage," alisema.

Msidhani sina maelezo. Daktari anasema si ajabu mchanganyiko ule umsumbue mbwa asiyeuzoea, na mimi hukubali kwa kichwa. Maelezo hayo yanamtosha mbwa. Sakafu hayaitoshi. Mpaka leo, siku tukipika maharage, Mama Grace hafungi mlango wa barazani kabla ya jioni, na mimi sijawahi kumuuliza sababu. Mbwa tunamwita Bihogo.

Kwa hiyo nanyi, mkipewa mnyama kutoka nyumba yenye msiba, ulizeni anaitwa nani na kwao walikuwa wanamlishaje. Ulizeni mapema, wakati yupo aliye hai wa kuwajibu. La sivyo mwenyewe atakuja kuwaeleza, na mtamkaribisha, kwa sababu itakuwa mvua inanyesha.