Kiinua Mgongo cha Mjomba Famau

Hata leo, mwanangu, nikiikumbuka siku ile mwili hunisisimka. Nilikuwa kigori, naosha samaki katika kiwanda cha barafu pale Kismayo, na mjomba wangu Famau ndiye fundi wa mitambo. Mtambo mmoja ulipokufa, tajiri mwenye kiwanda akasema Famau kauharibu. Hakumsikiliza, akamfukuza kazi. Sote tulijua mabomba yameliwa na chumvi, lakini nani aseme? Mwenye nguvu mpishe.

"Kunifukuza waweza, kiwanda ni chako," mjomba alimwambia. "Lakini kiinua mgongo ni changu. Nimekitolea jasho tangu ujana."

"Ngoja hapo nje, nitakuita."

Akangoja. Kila asubuhi alikuja akaketi mlangoni. Kisha vita vikaingia mjini, tajiri akakimbilia Mombasa bila kumwita mtu.

Siku tuliyohamia kisiwa cha Kudhaa, mama alinituma nikamchukue kaka yake. Jua la utosi, mitaa mitupu, milango wazi, hata kunguru hawalii. Nilimkuta palepale. Barafu ilikuwa ikiyeyuka ndani, maji yakipita chini ya mlango na kumlowesha miguu.

"Mjomba, twende! Tajiri hayupo."

"Yumo. Namsikia akitembea." Akatabasamu. "Mchu hawati chake." Mtu haachi chake, ndivyo tusemavyo sisi Wabajuni.

Nikatega sikio mlangoni. Wallahi, mwanangu, nilisikia nyayo. Nilikimbia hadi pwani, na mjomba hatukumwona tena.

Miaka ikapita. Tukiwa katika kambi ya wakimbizi Kenya, tajiri akatujia, amekonda, macho hayatulii.

"Dada, nipokelee haki ya nduguyo," alimwambia mama. "Kila adhuhuri anabisha hodi kwangu. Nikifungua simwoni, kizingiti kimelowa tu."

Mama akazipokea fedha mbele ya majirani. "Haki nimeipokea," akasema. "Msamaha anao mwenyewe." Kama hodi ilikoma, sijui. Sikuthubutu kuuliza.

Basi, mwanangu, ukifukuzwa bila kosa usiondoke kimya. Uliza sababu, taka usikilizwe, dai chako mbele ya mashahidi, wala usikubali "ngoja" isiyo na siku. Na Mungu akikujaalia uwe tajiri, dawa ya deni ni kulipa: mpe mtu ujira wake jasho halijamkauka. Mola akuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, akulaze usingizi wa asiyedaiwa. Amin.