Picha Arobaini na Moja za Mzee Massoudi

Tajudini si mtu mbaya, tusimwonee. Ila ana haraka, na haraka yenyewe alikuwa anaiita kazi safi.

Chama cha mafundi magari wa Buyenzi kilimpa ukurasa wao wa intaneti autengeneze upya, ufunguke vizuri kwenye simu. Ule wa zamani aliuunda Djibril, fundi mwenzao aliyejifunza kompyuta kwa kubahatisha. Ulijaa picha za vipuri: radieta, pampu, klachi. Ukibonyeza picha, kinatokea kijisanduku chenye maneno ya marehemu mzee Massoudi, aliyefundisha nusu ya gereji za mtaa na hakujua kuandika. Yeye alisema, Djibril akaandika. Na akayaandika wapi? Ndani ya picha yenyewe, kwenye onclick yake, ile amri inayosema nini kitokee picha ikibonyezwa, basi! Hakuna daftari, hakuna pengine.

Tajudini alipoufungua msimbo ule akacheka. "Nani bado anaandika hivi?" Akatunga mstari mmoja: nichagulie kila kitu ambacho onclick yake inaanza na alert, neno la kompyuta la kutokeza kijisanduku. Kompyuta ikamjibu, arobaini na moja. Akazifuta onclick zote kwa mpigo, akapandisha ukurasa mpya juu ya ule wa zamani, akaenda zake kunywa chai. Jamani, kufungua moja tu kungemgharimu nini?

Ijumaa baada ya swala, Khadidja, mjane wa Massoudi, akamfuata ofisini kwake, mtaa wa Asiatique, simu mkononi.

"Tajudini mwanangu, mi nabonyeza, mzee hasemi kitu. Simu yangu imekufa?"

"Apana, mama. Simu iko sawa."

Uongo ulimjia mdomoni, kwamba mtandao unasumbua, akaumeza. Akampigia Djibril palepale. Djibril akasema kompyuta yake iliungua zamani, nakala ilikuwa ile ile moja ya ukurasani, na maneno yenyewe hayakumbuki tena. Ndipo Tajudini akamweleza mama yote, macho yake sakafuni.

Khadidja akaketi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchoma Tajudini. Afadhali angetukanwa.

"Mi sijui kusoma," akasema. "Mjukuu wangu Yasmina ndiye ananisomea. Moja tu, kila Ijumaa. Yeye alitaka tumalize zote siku moja, nikamkatalia. Niliogopa mzee ataisha. Tulifika ya kumi na mbili."

Tajudini akapiga hesabu bila kutaka. Ishirini na tisa. Hizo mama hakuwahi kuzisikia.

"Basi we ndiye mtu wa mwisho kuyashika maneno yake," Khadidja akasema, akavuta kiti karibu, akaweka mikono mapajani kama mtu anayetaka kusikiliza. "Niambie hata moja unayokumbuka. Ya kumi na tatu ilisemaje?"

"Mama, nilitazama neno la kwanza tu, lile la kompyuta. Ya mzee sikuyasoma."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."